Mapigo Kumi na Sita ya Cleophus

Daktari hakuzungusha maneno. Alimwambia Idella Broadnax kwamba mguu wa kulia utakatwa Jumatatu, chini kidogo ya goti. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Idella akamkazia macho yule daktari, kijana mbichi wa rika la mjukuu ambaye hakujaliwa kumpata, akamwuliza kama hawezi kukata wa kushoto.

"Bibi, ulioharibika ni wa kulia."

"Nimekuuliza ulioharibika? Nimekuuliza kama huwezi."

Usimcheke. Sukari imeshachukua miguu ya wazee wengi upande wetu huu wa kaskazini wa Filadelfia, na wengi wakishaambiwa huuliza maumivu, au nani atawapandisha ngazi. Idella alikuwa na miaka sitini na sita. Vidole vilikuwa vimemgeuka vyeusi tangu Agosti, naye akavificha ndani ya soksi mbilimbili na kuendelea kufundisha watoto, mpaka harufu ikamwumbua. Maumivu hakuyaogopa, mguu wenyewe ulishakufa ganzi miaka miwili, ungeweza kuudunga sindano akakuuliza utaanza lini. Alichoogopa ni kingine. Ndani ya mguu ule kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo mahali pengine popote duniani, kwa jinsi alivyojua yeye, na alikuwa na siku sita za kukitoa.

Kitu chenyewe kilikuwa hatua ya dansi. Mapigo kumi na sita, basi; ukikohoa yamekupita. Idella alikuwa mcheza dansi ya viatu vya chuma, ile ya kupigilia kipande kimoja chini ya vidole na kingine chini ya kisigino, ukaifanya sakafu iseme. Alianza kuicheza akiwa na miaka sita, yeye na kaka yake Cleophus, kwenye vibaraza vya watu, kisha kwenye majukwaa ya miji yote yenye watu weusi wa kutosha kujaza ukumbi. Baadaye akafundisha. Miaka thelathini na miwili alifundisha ghorofa ya tatu juu ya kinyozi, na hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo haikuwahi kutoa mtoto akapanda ngazi zile na viatu vyake mkononi.

Sasa, wachezaji wa zama zao walikuwa na sheria, na haikuandikwa popote: hatua ya mtu ni mali yake. Unaweza kuitazama, unaweza kuitamani, ukitaka kuicheza ibadilishe iwe yako. Ukiicheza kama ilivyo, wewe ni mwizi, na mwizi alivuliwa viatu mbele za watu akaenda kwao na soksi. Cleophus aliibiwa mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne. Mzungu mmoja alikaa mstari wa mbele usiku wa siku tatu mfululizo na penseli yake, na mwaka uliofuata Cleophus akaiona hatua yake kwenye sinema, inachezwa na miguu ya mzungu yule, watu wanashangilia. Huyo nani atamvua viatu? Cleophus akatoka mle ndani kabla haijaisha. Miezi minne alijifungia akatengeneza nyingine, ya mguu wa kulia peke yake, wa kushoto umesimama tu kama mtu anayengojea basi. Akamfundisha dada yake, mwingine hakuna.

"Hii usimpe mtu, Della," alimwambia. "Hata Mungu akikuuliza, mwonyeshe nyingine."

Akafa kwa kifua mwaka wa arobaini na moja, ana miaka thelathini.

Idella akatii, tena akapita kiasi. Jukwaani akifika mahali pa hatua ya Cleophus aliivuruga makusudi, leo ataruka pigo la tano, kesho atarudia la tisa mara mbili, ili mwenye penseli aandike takataka. Wanafunzi wake wakifika hapo walisimama mikono kiunoni, piano ikapiga peke yake mapigo kumi na sita, kisha wakaendelea. Wazazi walidhani ni mtindo. Ile ya kweli aliicheza Jumapili baada ya kanisa, mlango umefungwa kwa ufunguo, hana mtu. Na hata hiyo aliacha mguu ulipoanza ganzi.

Basi Jumanne ile alirudi kutoka kwa daktari, akapanda ngazi akipumzika kila ya tatu, akamwita Delphine Goins. Delphine alikuwa msaidizi wake, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwepesi wa miguu na mdomo. Alikuwa ameingojea siku hii miaka kumi na tisa bila kuthubutu kuitaja.

"Vaa viatu," alisema Idella. "Nakupa ya Cleophus."

Delphine akavaa viatu upesi. Idella akashika mgongo wa kiti, akasimama juu ya mguu wa kushoto, akacheza. Delphine akarudia.

"Siyo hivyo. Tazama." Akacheza tena.

Delphine akarudia, safari hii taratibu.

"Siyo! Huna masikio?"

"Mwalimu, samahani. Mara ya kwanza kisigino kilikuja la sita. Sasa kimekuja la saba."

"La saba."

Akacheza ya tatu. Kisigino kikaja la tano. Akacheza ya nne, na hapo akasimama katikati, mkono umekishika kiti, uso umemsawijika.

"Ipi ndiyo?" aliuliza Delphine kwa sauti ndogo.

"Ngoja."

"Umecheza nne, mwalimu. Zote umesema ndiyo."

Idella akakaa. Alijaribu kwa kidole mezani, akajaribu kwa mdomo, *taka-ta-taka*, akafika la tisa akakuta njia imegawanyika mara kumi, na kila njia aliijua. Alizitengeneza mwenyewe zote. Miaka arobaini ya kuwapoteza wezi, kumbe anayepotea ni yeye. Kilichokuwa kikitenga ya kweli na za uongo hakikuwa akili yake, kilikuwa unyayo, na unyayo ulikuwa umekufa. Waswahili husema mficha uchi hazai. Idella alificha mpaka akajificha.

"Kuna mtu anayo," alisema.

Delphine alijua ni nani. Mtaa mzima ulijua.

Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye maonyesho ya watoto ya mwezi wa Juni katika ukumbi wa kanisa, msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Vernita Tisdale alifika mahali pa kusimama mikono kiunoni, asisimame. Wenzake walisimama. Yeye akasogea mbele hatua moja, akacheza mapigo kumi na sita kwa mguu wa kulia, mazima, safi, bila hata moja kuanguka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwa na masikio kama ya mtoto yule. Idella alipanda jukwaani akamnyamazisha mpiga piano. Akamwita mwizi. Akamwambia avue viatu, na mtoto akavua, mama yake yuko mstari wa pili na kofia yake ya Jumapili, na Vernita akatembea mitaa sita kwenda kwao na soksi nyeupe, watu wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao wanamtazama. Mwezi uliofuata akina Tisdale wakahama.

Hawakuwa wamekwenda mbali. Jumatano Idella aliitwa hospitali kupimwa damu, na akiwa kwenye benchi akaiona toroli ya chakula inakuja, inasukumwa na mwanamke mrefu mwenye kofia ya wavu kichwani. Uso hakuutambua mara moja. Mwendo aliutambua, alimfundisha mwenyewe.

"Vernita?"

Toroli ikasimama. "Loo! Hata jina unalikumbuka. Mimi nilidhani kwako naitwa mwizi."

"Keti kidogo, mwanangu."

"Siketi, niko kazini. Na mwanao ni nani?" Akamtazama mguu, ule uliofungwa bendeji ndani ya ndara ya mwanamume. Macho yakalegea kidogo, akayakaza tena. "Lini?"

"Jumatatu."

"Pole."

"Unayo bado?"

"Nini?"

"Unakijua ninachouliza."

"Nakijua. Kiseme. Kina jina."

"Hatua ya Cleophus."

"Ahaa." Vernita akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ninayo. Naicheza jikoni pale, kwenye mashine ya vyombo, na viatu hivi vya mpira. Haitoi hata kishindo. Wenzangu wanadhani nina mkojo."

"Ulichungulia wapi? Niambie leo, sitakasirika. Tundu la ufunguo?"

"Bi Idella." Sauti ikamshuka. "Tulikaa chini yako. Dari yetu ndiyo sakafu yako. Kila Jumapili mama anakaanga kuku, mimi nimelala chali sakafuni nasikiliza. Ungetaka nizibe masikio? Kisha ukimaliza unalia. Kila Jumapili. Unacheza, unalia, maji ya bomba yanafunguliwa, basi. Nikawaza, mwalimu wangu analia kwa sababu hana wa kucheza naye. Nikajifunza. Nilikuwa mtoto, akili zenyewe hizo. Nilidhani nakupa zawadi."

Miaka kumi na moja Idella alikuwa amemwona mtoto yule katika kila pembe ya mawazo, ameinama mlangoni, jicho kwenye tundu, penseli mkononi. Hakuwahi hata siku moja kumwona amelala chali, anasikiliza.

"Nifundishe," alisema. "Ninakuomba. Imenipotea."

Vernita akaangalia huku na huku, akashika mpini wa toroli, akacheza. Viatu vya mpira havikutoa sauti, lakini Idella aliona kidole kinavyoshuka na kisigino kinavyochelewa, akafumba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa yenyewe. Alimwona Cleophus mzima mle korido, na suruali yake iliyopauka magotini. Lakini kuiona si kuishika. Ilipokwisha ilikuwa imekwisha, naye hakubaki na kitu.

"Jumamosi," alisema Vernita, anahema kidogo. "Ukumbi uleule. Waite walewale. Ulinisema mbele za watu, basi nisafishe mbele za watu. Sema sikuiba. Ukisema, nitaicheza na vyuma, na Delphine nitamfundisha mpaka aiote. Sitaki hata senti."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Usilione dogo."

Ijumaa nzima Delphine alimfanyisha mazoezi kama mtoto wa darasa la kwanza. Maneno yenyewe yalikuwa machache: *Nilikosea. Vernita hakuiba. Namwomba radhi.* Idella aliyasema akiwa jikoni, akayasema akipakwa dawa, akayasema vizuri. Delphine alikaanga samaki, akaoka mkate wa mahindi, wakala, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti Idella akacheka. Alimweleza Delphine jinsi Cleophus alivyokuwa akilala na viatu vyake tumboni wakiwa safarini, asiibiwe. Mguu ulikuwa unanuka chini ya meza na wote wawili wakajifanya hawausikii.

"Na kesho usiongeze neno," alisema Delphine. "Nakufahamu."

"Unanifahamu nini wewe?"

"Ukisimama mbele ya watu hujui kushuka."

Jumamosi ukumbi ukajaa. Habari mtaani kwetu haihitaji gazeti. Walikuja wazazi wa watoto, walikuja waliokuwa watoto wakati ule na sasa wana vitambi, akaja mama yake Vernita na kofia mpya. Mstari wa mbele walikaa wazee watatu waliobaki wa majukwaa ya zamani, na katikati yao Goodloe, ambaye enzi hizo alikuwa jaji wa mashindano yote, akikuambia unajua basi unajua. Vernita alikaa pembeni ya jukwaa. Alikuwa ameazima viatu vya chuma kwa binamu yake, na vilimbana. Alikuwa anajikunja vidole ndani.

Idella alipokuwa anasaidiwa kupanda, Goodloe alimshika mkono.

"Della. Nasikia leo unampigia magoti mtoto."

"Sipigi magoti. Ninasema neno."

"Cleophus angefurahi," alisema Goodloe, na akacheka kwa pua.

Mzee mpumbavu. Sijui alikuwa na maana gani, na nadhani hata yeye hakujua. Ni mdomo tu ulimwasha. Lakini Idella alipanda na cheko lile sikioni. Akasimama, fimbo mkono huu, Delphine mkono huu. Akaona nyuso mia mbili alizozifundisha kuhesabu mpaka nane. Akaanza vizuri.

"Miaka kumi na moja iliyopita, hapa hapa, nilimvua viatu binti huyu."

"Naam," walisema watu, kama kanisani.

"Nilimwita jina baya."

"Sema, mwalimu!"

"Siku zile tulikuwa tunalinda. Nyinyi vijana hamjui. Kaka yangu aliibiwa, akafa na uchungu. Mtu akiwa ameng'atwa na nyoka..." Delphine akamfinya mkono. Idella akapumua. Akamtazama Vernita, kisha macho yakamponyoka yakaenda kwa Goodloe, aliyekuwa ameweka kidevu juu ya fimbo, anangoja. "Binadamu tunakosea. Na Mungu ametufundisha. Kwa hiyo leo, mbele yenu wote, nasema yamekwisha. Vernita, mwanangu, nimekusamehe."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yule mama alikuwa na vidole vya kutosha vya kujikwaa.

"Amina!" ukumbi ukaitikia. Wakasimama. Wakapiga makofi, wakapiga miguu chini, mwanamke mmoja akatoa leso akalia. Mpiga piano akagusa wimbo wa kanisa. Kila mtu alifurahi. Idella mwenyewe alisikia neno limetoka, akajua lilivyo, akataka kulirudisha, lakini utalirudishaje neno lililokwisha pigiwa amina na watu mia mbili?

Vernita hakusimama mpaka makofi yalipoisha. Kisha akasema, si kwa ukali:

"Umenisamehe nini, Bi Idella?"

Hapo ndipo Idella alipokuwa na nafasi, na ninakwambia ilikuwa pana, ungeweza kupitisha lori. Maneno mawili. Delphine aliyanong'ona sikioni kwake, kabisa, *Vernita hakuiba*, mate yakamrukia. Idella alifungua mdomo. Goodloe aliinua kidevu.

"Cheza, mwanangu," alisema Idella. "Ya nyuma yamepita."

Vernita akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona hawezi. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, na viatu vile vya chuma vikalia sakafuni, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mwendo wa mtu anayekwenda zake nyumbani. Mama yake akainuka akamfuata. Watu walidhani amezidiwa na machozi, wakapiga makofi tena.

Jumapili Idella alimtuma Delphine kwa akina Tisdale na barua ndefu. Mama mtu aliipokea mlangoni bila kufungua mlango wa wavu. "Mwambie tumeipata," alisema, "na mwambie barua haina mashahidi." Jumatatu saa mbili asubuhi wakamlaza Idella, wakakata.

Siku ya tatu baada ya hapo akili zilimrudia sawasawa. Wodi ilikuwa na vitanda sita na mapazia katikati. Saa sita mchana toroli ikaingia, na Idella akaijua kabla hajaiona. Vernita aliweka sinia, akamwinua mito, akamfungia kitambaa shingoni. Mikono yake ilikuwa laini, haikuwa na kinyongo ndani yake.

"Supu ya kuku. Kula ikiwa moto."

"Vernita, hukuiba."

"Najua."

"Nilikosea mimi. Nilikosea siku ile na nilikosea Jumamosi. Ni mdomo wangu huu. Nilimwona yule Goodloe nikawa kama sina ulimi. Nitukane, nipige, nifanye unalotaka. Nisamehe."

Vernita alikichukua kijiko, akakijaza, akakipuliza. "Nimekusamehe, Bi Idella. Haki ya Mungu sina kitu moyoni, nilikuwa nimeshakusamehe zamani, kabla hujazeeka. Fungua mdomo."

Idella akanywa, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye supu. "Basi nichezee. Hapo hapo. Delphine anakuja saa saba, mwonyeshe."

"Hapana."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hatua siitoi. Siwezi." Akajaza kijiko kingine. "Ujue kila nikiicheza nasikia lile neno. Miaka yote naicheza ili siku moja niicheze nisilisikie. Jumamosi nilidhani ndiyo siku yenyewe. Nilinunua hata soksi. Wewe ukaipaka matope tena mbele ya watu walewale, na safari hii wakasema amina. Nikimfundisha Delphine, watu watasema ile hatua aliyoiba Vernita akasamehewa. Mwanangu atakuja kuambiwa hivyo. Sasa si afadhali ife?"

"Ni ya Cleophus. Si yangu wala yako."

"Cleophus alikwambia usimpe mtu," alisema Vernita. "Basi. Tumemtii wote wawili." Akampangusa mdomo, akakunja kitambaa. "Nina wagonjwa kumi na saba hawajala. Jioni nitakuletea maji ya machungwa." Akaondoka, na kweli jioni aliyaleta, na kila siku aliyoshika zamu alimlisha Idella vizuri kuliko binti wa kuzaa.

Delphine alichelewa, alifika saa nane. Alimkuta mwalimu wake amekaa wima, macho makubwa, kijasho kinamtoka usoni.

"Njoo hapa upesi! Funga pazia!"

"Maumivu? Nimwite nesi?"

"Wacha nesi. Mguu umerudi."

Delphine alitazama shuka. Upande wa kushoto palikuwa na mguu. Upande wa kulia shuka ilishuka kwenye goti ikalala.

"Nausikia, Delphine! Miaka miwili ulikuwa gogo, sasa nausikia wote, mpaka kidole kidogo. Unawasha. Na unacheza. Unacheza yenyewe! Hiyo, moja, mbili, kisigino kinachelewa, hiyo! La sita, Mungu wangu, ni la sita, nilianza na la sita!"

"Pigia kwa mkono, mwalimu. Pigia hapa mezani nishike."

Idella akainua mkono akapiga ubao wa meza, mapigo matano, saba, kisha mkono ukajikwaa. Mguu ulikuwa na kidole na kisigino, kila kimoja na safari yake, mkono mzito haukuweza kuvifuata vyote. Na kila alipoutegea mkono, mguu ulisimama. Akiuacha mkono, mguu unaanza tena, safi, mapigo kumi na sita ya Cleophus bila kosa hata moja, mahali ambapo hapakuwa na mguu. Alijaribu mara ishirini. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba wapunguze kelele.

"Weka mkono wako pale," alisema Idella. Sauti ilikuwa imekwisha. "Pale unapochezea. Weka kiganja, funga macho, utaisikia. Wewe una mikono ya mchezaji. Weka!"

Delphine akaweka kiganja juu ya shuka, kwenye godoro tupu, akafunga macho. Shuka ilikuwa baridi. Alisikia bomba la joto linagonga ukutani, na toroli inasukumwa mbali huko. Kingine hakuna.

"Imeanza," alinong'ona Idella. "Sasa. Sasa. Inamalizia. Umeisikia?"

Delphine Goins alikuwa hajawahi kumdanganya mwalimu wake kwa miaka kumi na tisa, hata kuhusu viatu. Alimtazama yule mama, uso wote umekuwa macho.

"Nimeisikia," alisema.

"Yote?"

"Yote kumi na sita."

Idella akajitupa kwenye mito, akacheka, akamshika mkono akaubusu. "Basi mbona umekaa? Nenda kawafundishe watoto."

Delphine akavaa koti lake, akaenda kuwafundisha.